Kabla Hujamuuzia Zawadi Mwanaume Mwenye Mbwa, Uliza Mbwa Anaitwa Nani



Leo naongea jambo ambalo najua wengine mtacheka. Cheka tu, mimi mwenyewe nililicheka likanitoa hela. Ni zawadi za wanaume wanaopenda wanyama wao. Mwenye mbwa, mwenye paka, mwenye njiwa, mwenye jogoo wa kuchi. Mimi nauza zawadi mtandaoni, nipo Tanga, nimeishia kidato cha nne na biashara hii sijasomea popote, nimefundishwa na hasara. Na msimamo wangu ni kwamba sisi wauza zawadi hawa watu tunawauzia takataka, halafu tunashangaa kwa nini hawarudi.

Takataka ni zipi? Kikombe chenye picha ya mbwa. Soksi zenye nyayo za paka. Kishika funguo chenye kichwa cha mbwa. Tunanunua Kariakoo kwa bei ya jumla, tunapanga kwenye boksi na vikaratasi vya rangi, tunafunga utepe, tunaandika "zawadi kwa mpenda wanyama". Siwasemi nyie, najisema mimi. Hilo boksi nimeliuza sana.

Sasa niwaambie lilivyonitokea puani.

Ilikuwa karibu na Siku ya Akina Baba, ile Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita. Dada mmoja wa Dar akaniandikia inboksi: "Mdogo wangu, mume wangu ana mbwa anampenda kuliko sisi wote humu ndani, nifanyie kitu." Mimi huyo, sikuuliza swali hata moja. Nikamtajia 45,000 na akalipa palepale. Ndani nikaweka kikombe, soksi, kadi na chokoleti mbili kubwa. Picha ya mbwa kwenye kikombe niliitoa intaneti, mbwa mzuri wa manyoya marefu, wa kizungu kabisa. Nikapakia kwenye basi pale Kange, nikamtumia namba ya kondakta, kazi imeisha.

Boksi likafika. Kumbe mbwa wa yule baba ni wa kawaida tu, wa kahawia, sikio moja limekatika, anaitwa Shaba. Baba akashika kikombe akakigeuza geuza, akauliza, "Huyu mbwa wa nani?" Wakacheka, yakaisha. Boksi likabaki kwenye meza fupi ya sebuleni, wao wakatoka.

Waliporudi Shaba kamaliza chokoleti zote mbili pamoja na makaratasi yake.

Usiku mbwa akaanza kutapika, anatetemeka, anahema kama aliyekimbizwa. Wakatafuta daktari wa mifugo usiku huo huo, akatundikiwa dripu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini dada aliniambia mume wake alikesha ameketi sakafuni pembeni ya mbwa mpaka kunakucha. Asubuhi ndiyo akanipigia. Hakufoka, na bora angefoka. Aliniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa unajua chokoleti ni sumu kwa mbwa?" Nikasema sijui dada. Akasema, "Unauza zawadi za wenye mbwa, na hujui?"

Nilirudisha 45,000 yote na nikaongeza 20,000 ya daktari, mwezi ambao kodi ya fremu ilikuwa inanidai. Hakuniomba, nilituma mwenyewe. Hajawahi kununua kwangu tena na simlaumu.

Baada ya hapo ndio nikakaa chini kujifunza nilichotakiwa kujua siku ya kwanza. Kwenye chokoleti kuna kitu kinaitwa theobromini. Sisi binadamu mwili unakitoa haraka, mbwa mwili wake unakitoa polepole sana, kinamrundikia mpaka moyo unakwenda mbio. Chokoleti ikiwa nyeusi zaidi ndivyo ilivyo mbaya zaidi, na mbwa akiwa mdogo ndivyo anavyoumia kwa kipande kidogo. Zabibu kavu nazo zinaweza kuua figo za mbwa, na keki zetu za zawadi zimejaa zabibu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa na ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Bigijii na pipi zisizo na sukari, angalia maandishi nyuma, ukikuta zailitoli usiweke kwenye boksi linalokwenda nyumba yenye mbwa. Na kuna wale wanaotengeneza "chakula maalumu cha mbwa" nyumbani, mnakwangua mifupa ya kuku iliyopikwa mnafungasha. Jamani. Mfupa wa kuku ukishapikwa unavunjika vipande vyenye ncha kama sindano. Acheni.

Halafu kuna kitu chetu wenyewe wafungashaji: utepe. Paka anapenda kucheza na utepe na uzi, na akiumeza unakwenda kujikunja tumboni unavuta utumbo, mpaka apasuliwe. Kwa hiyo zawadi ikienda kwa mwenye paka mimi nafunga na karatasi na gundi, basi. Inapungua urembo kidogo. Na wale mnaoweka maua halisi, maua ya lili ni sumu kubwa kwa paka, hata ule unga wake wa njano akiulamba mwilini mwake. Weka waridi.

Haya. Nimeshasikia mnachotaka kusema, kwamba haya ni mambo ya wazungu, mwanaume wa Kibongo hana habari ya kumnunulia mnyama zawadi. Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini hebu tembea mtaani na macho yako mawili. Angalia wavuvi wanaporudi asubuhi, kuna paka anajua chombo gani asubiri, na kuna mzee hatauza mpaka amemtupia paka wake dagaa. Angalia vijana wa kuchi, yule jogoo mrefu wa shingo ndefu anayesimama kama askari wa gwaride. Kijana anamwogesha, anampaka mafuta miguu, anamtembeza kijiweni. Kijana huyo huyo mama yake akimtuma chumvi anakasirika! Angalia walinzi wa usiku, wengine chakula chao wanagawana nusu kwa nusu na mbwa. Mapenzi yapo ila hayatangazwi, kwa sababu mwanaume akisema anampenda paka wake watu wanamcheka. Ukimcheka na wewe muuzaji, umemfukuza mteja ambaye hakuna mwingine anayemhudumia.

Kipimo changu mimi ni jina. Mwanaume mwenye kuku hamsini wa kuuza, huyo ni mfugaji, muuzie pumba na chanjo. Lakini katika hao hamsini akiwa na mmoja amempa jina, basi kwa huyo mmoja ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi kabla ya bei ni, "Anaitwa nani?" Mteja akijua jina la mnyama, tunaendelea. Asipojua namwambia kwa heshima, "Dada, nenda kaulize kwanza, mimi nipo." Nimepoteza oda chache kwa hilo, lakini zile zinazobaki hazirudi na malalamiko.

Swali la pili: analala wapi? La tatu: anayemlisha ni nani? Haya mawili yanakwambia zawadi yenyewe bila kubahatisha.

Niwape mfano mmoja ninaoupenda. Binti mmoja anafanya kazi Dodoma, baba yake ni mstaafu yupo hapa hapa Tanga, anafuga njiwa. Binti alitaka shati na manukato. Nikamuuliza njiwa wanalala wapi, hajui, ana miaka hajafika nyumbani. Nikamwambia nipe ruhusa niende nikaone, nauli ya bodaboda juu yangu. Nikaenda, nikajifanya nataka kununua njiwa wawili. Yule mzee, shikamoo yangu hata hajaimaliza kuitikia vizuri, ameshaanza kunifundisha. Kwamba njiwa akishapata mwenzake anatulia naye. Kwamba wanalalia mayai mawili kwa zamu, jike usiku, dume mchana, kama siku kumi na nane hivi. Kwamba makinda wanalishwa na baba na mama wote kwa kitu kama maziwa kinachotoka kwenye koo. Mimi nilikuwa sijui lolote. Nilikaa saa nzima.

Na nikiwa nimekaa nikaona. Bati la mbele ya banda limeachia, paka wa jirani anaingilia hapo, mwezi ule walikuwa wameliwa makinda wanne. Maji ya njiwa yapo kwenye kopo la rangi, jembamba, njiwa hawawezi kuoga, na njiwa wanapenda kuoga kama bata. Mtama anapima kwa vikombe dukani kwa sababu pensheni haiendi mbali.

Nikampigia binti nikamwambia, dada acha shati. Tukachukua wavu wa waya, nusu siku ya fundi, beseni pana lisilo na kina, na mtama kilo kumi. Yote na kazi yangu ilikuwa 68,000. Faida yangu 12,000, wakati boksi la kikombe na soksi lilikuwa linaniachia 18,000. Nasema wazi ili msidhani nawadanganya: zawadi ya namna hii inaacha kidogo na inachosha zaidi. Nilimwandikia mzee kadi kwa mkono, jina la binti na majina ya njiwa wake wawili wakubwa aliyonitajia mwenyewe. Mzee alimtumia binti yake voisi, binti akanitumia mimi. Alisema, "Shati ninalo. Wavu sikuwa nao."

Mzee ana wenzake wanaofuga njiwa. Sasa hivi nina watu wanne wananunua mtama kwangu kila mwezi, na hao sikuwatafuta kwa tangazo. Kikombe mtu ananunua mara moja maishani, lakini mnyama anakula kila siku. Sijui kwa nini ilinichukua miaka kuona hilo.

Kuhusu mikanda ya shingo, kwa sababu najua wengi mnauza na mnarudishiwa. Usiuze kwa kuangalia picha ya mbwa. Mwambie mteja achukue uzi, azungushe shingoni, kisha aupime kwenye rula akutumie namba. Mkanda ukishafungwa vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Visipopita unamkaba, vikipita vinne anauvua. Mbwa mdogo anakua, mweleze mteja kwamba mkanda wa leo baada ya miezi miwili utamnyonga, aulegeze. Paka mkanda wake ni tofauti, chukua ule wenye kifungo kinachofyatuka wenyewe ukivutwa kwa nguvu, kwa sababu paka anapanda miti na kuta, akinaswa na mkanda mgumu ananing'inia. Sehemu ya jina andika jina na namba ya simu ya mwenyewe. Hiyo ni zawadi ya bei ndogo ambayo mwanaume anaipenda kuliko unavyofikiria, kwa sababu mbwa akipotea mtu ana pa kupiga.

Paka na maziwa pia. Tunaweka bakuli zuri tunaandika "la maziwa". Paka wengi wakubwa maziwa ya ng'ombe yanawaharisha. Liite bakuli la maji.

Hapa Tanga na mwambao wote jueni mnaongea na nani. Waislamu wengi hawaweki mbwa ndani ya nyumba, kwa hiyo usimtumie kila mteja wako tangazo la mbwa amelala kwenye kochi. Mbwa wake yupo, analinda shamba au uani, na anampenda, lakini mpe kitu cha banda, usimpe godoro la sebuleni. Paka ni habari nyingine, paka yuko huru. Yule sahaba Abu Huraira, jina lake maana yake ni baba wa kipaka. Nimeshaandika kadi yenye neno hilo kwa kaka mmoja mwenye paka watatu, akaicheka akaibandika ukutani. Ila nilimjua vizuri kabla. Dini usiifanye kuwa tangazo, utaumia.

Zawadi nyingine ambayo wengi hatuifikirii ni chanjo. Mbwa anatakiwa chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Ongea na daktari wa mifugo wa eneo lako mkubaliane bei, mteja alipe kwako, wewe utoe kadi nzuri imeandikwa "chanjo ya fulani imelipwa", daktari aende nyumbani. Mimi mwaka huu naiposti mapema kwa ajili ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Faida yake ndogo, lakini fikiria baba mwenye watoto wadogo na mbwa uani akapewa hiyo. Na usijifanye daktari. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, usikadirie kichwani, kuna dawa za kupe za mbwa zinazoua paka.

Sasa hili la mwisho najua tutagombana. Mimi siuzi mtoto wa mbwa wala wa paka kama zawadi ya kushtukiza. Najua hela iliyopo hapo. Kuna wiki moja niliombwa mara tatu, na mmoja alikuwa tayari kutoa laki mbili na nusu. Mbwa anaishi miaka kumi na zaidi, huwezi kumpangia mtu miaka kumi ya maisha yake ili video yako ya kushtukiza ipate watu. Na usafiri wenyewe! Nimeona kwa macho yangu kijibwa kimefungwa kwenye boksi la zawadi na utepe juu, jua la saa saba, juu ya bodaboda. Aliyefunga vile ni muuzaji mwenzetu. Mteja akinibana namwambia anunue bakuli na mkanda, aandike kadi "twende tukamchague pamoja". Wawili wamekubali. Yule wa laki mbili na nusu alikwenda kununua kwingine, na mwezi ule niliumia kweli, sifichi.

Na kuna kaka mmoja alinitafuta mwezi uliopita. Rafiki yake wanaoishi chumba kimoja mbwa wake kagongwa na gari. Akaniambia, "Nataka nimpe kitu lakini watu watasema nimemfanyia mbwa msiba." Nikamuuliza, anaitwa nani? Akakaa kimya kidogo, akasema, Jemedari. Alinitumia picha kwenye simu, mbwa kaketi mlangoni na jamaa kashika sufuria, haijatulia vizuri, imetikisika. Nikaisafisha kadiri nilivyoweza, nikaiweka kwenye fremu ya mbao, na chini yake nikagongelea kimsumari cha kuning'iniza ule mkanda wake wa shingo. Hatukuandika maneno yoyote. Nilimtoza 15,000. Aliniambia jamaa aliuning'iniza mkanda, akatoka nje kama anakwenda dukani, na alikaa huko muda mrefu.

Basi kwa leo niishie hapa, nina kilo ishirini za mtama hazijapimwa na basi la Dodoma linaondoka alfajiri. Mwenye swali kuhusu vipimo vya mikanda au namna ya kukubaliana na daktari wa mifugo aniandikie, nitajibu usiku. Ila ukija, uje na jina la mnyama.